Jinsi ya kuandika ripoti ya mwaka ya kikundi cha wagonjwa wa saratani (na kupanga malengo) bila kujidanganya

Mwaka wetu wa kwanza mimi kama katibu niliandika ripoti ya kurasa 14, ina picha za rangi, ina tisheti za pinki, ina mgeni rasmi anakata keki, ina ukurasa mzima wa shukrani, nikajiona nimetisha. Tukamkabidhi mama mmoja aliyekuja kututembelea, mtu wa kuchangia vikundi vidogo kama vyetu, akaipitia haraka haraka akaifunga akaniuliza swali moja tu: "Mwanangu, hawa wote mliowasindikiza mwaka huu, wangapi wamemaliza mionzi?" Kimya. Mwenyekiti akaniangalia mimi, mimi nikamwangalia mweka hazina, mweka hazina akaangalia feni. Hakuna aliyekuwa anajua. Tulikuwa tunajua tisheti ni ngapi, sahani za pilau ni ngapi, lakini watu waliomaliza tiba hatujui.

Sasa hii naandika kwa ajili ya makatibu wenzangu wa vikundi vidogo hapa Dar, vile vya watu kama 20 mpaka 60, wengi mashujaa wa saratani ya titi na mlango wa kizazi, mnakutana Jumamosi kwenye ukumbi wa kuazima au kwa mtu uani, hamna ofisi, hamna mhasibu, na ikifika Novemba mwenyekiti anaanza kukutumia voisi za dakika nne "katibu ripoti imefikia wapi". Mashirika makubwa yana watu wa kazi hiyo, hayanihusu.

Anza na daftari, tena Januari

Kosa la kwanza la wengi wetu ni kudhani ripoti inaandikwa Desemba. Desemba unaandika tu kilichokuwepo kwenye daftari, na kama daftari halipo basi utaandika kumbukumbu za mwenyekiti, na kumbukumbu za mwenyekiti jamani huwa zinakumbuka sherehe.

Nunua kaunta buku kwaya tatu, lile gumu. Piga mistari kwa rula. Kila mgonjwa anayekuja kwenu anapata mstari mmoja, na kwenye huo mstari weka: namba yake, anaishi wapi, aliona dalili lini, alienda kituo gani kwanza, tarehe aliyotolewa kinyama (kile kipande kidogo cha mwili kinachopelekwa kupimwa), tarehe aliyopata majibu ya kinyama, tarehe aliyoanza tiba, tiba gani (upasuaji, kemo, mionzi, vidonge), amemaliza au bado, na kama ameacha basi kwanini. Basi. Kompyuta ije baadaye, kama kuna kijana kwenye kikundi anajua Excel atahamishia, ila kinachojazwa pale benchini asubuhi ni karatasi na peni, hakuna simu ya kuisha chaji.

Tarehe ndo zina utamu wote. Mwaka wa pili tulivyokaa kusoma daftari letu tuligundua kitu ambacho wote tulikuwa tunakijua mioyoni ila hatujawahi kukiona kimeandikwa, kwamba shida kubwa ya watu wetu haikuwa kukosa dawa, ilikuwa ule muda kati ya kuona uvimbe na kuanza tiba. Mtu kaona uvimbe mwezi wa pili, kaenda zahanati kapewa antibayotiki, karudi, kapewa nyingine, kaenda kwa mtaalamu wa mitishamba, karudi na titi limeshaanza kutoa maji, ndo rufaa, ndo kinyama, ndo kusubiri majibu, ukija kuangalia mwezi wa kumi na moja huo. Wagonjwa wengi Tanzania wanafika hospitali ugonjwa ukiwa hatua ya tatu au ya nne, hilo madaktari wanalisema kila siku, lakini daftari lako litakuonyesha kwa watu wako ule muda ulipotelea wapi hasa, na hapo ndipo lengo lako la mwaka ujao lilipolala.

Halafu safu ya "kwanini ameacha". Hii usiijaze kwa kubahatisha. Piga simu, nenda, kaa naye, msikilize. Ukiandika "changamoto za kiuchumi" umeandika hewa. Andika alivyosema: nauli imeisha. Mume kasema inatosha. Ngozi imebabuka kwa mionzi akadhani ndo inamuua. Nywele zimetoka mwenye nyumba akaanza maswali. Hakuna wa kumwachia mtoto. Kaombewa, kaambiwa kapona. Bima imekata katikati. Hayo ni mambo saba tofauti na kila moja lina dawa yake, ukiyapika kwenye sufuria moja huwezi kumsaidia hata mmoja.

Nauli nitaisemea kidogo maana watu wa nje ya haya mambo hawaielewi. Mionzi haipigwi mara moja ukaenda nyumbani, mara nyingi ni Jumatatu mpaka Ijumaa, wiki kadhaa mfululizo. Chukua mama wa Chanika anayeenda Ocean Road, hospitali ya saratani, anatoka na giza, anaunganisha magari mpaka Posta au Kivukoni, pale anatembea au anapanda bajaji kwenda kwenye lile jengo la Mjerumani kando ya bahari. Tuseme inamtoka 4,000 kwa siku kwenda na kurudi, mara siku 25 ni 100,000, hapo hajala hata andazi, na kama hana nguvu ya kutembea peke yake ana msindikizaji, hiyo ni 200,000. Na huyo anaonekana yuko mjini, ana bahati. Aliyeshukia Mbezi na basi la mkoani hana ndugu Dar, anatafuta na pa kulala. Kwahiyo ukiona kwenye daftari mtu kaacha wiki ya tatu usiseme ni mzembe, piga hesabu kwanza.

Namba, sio majina

Kwenye daftari kuu andika namba. 01, 02, 03. Orodha ya namba na majina inakaa kwenye daftari jingine dogo, anakaa nalo mtu mmoja, linafungiwa. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na taarifa za afya ya mtu ziko kwenye zile nyeti, sio za kusambazwa hovyo kwenye grupu la WhatsApp. Ila hata kama sheria isingekuwepo, nyie mnajua mtaani kwetu ikoje, mtu akisikika ana kansa wanaacha kununua vitumbua vyake.

Na sisi tumeshakosea hapo, nisijifanye. Ile ripoti yetu ya kurasa 14, jaladani tuliweka picha ya mwenzetu mmoja wa Mbagala, kavaa kilemba, anacheka, picha nzuri kweli. Tulimuuliza? Tulimuuliza kama tumpige picha, akasema sawa. Hatukumuuliza kama tuiweke jaladani na maneno "mgonjwa wa saratani ya mlango wa kizazi" chini yake. Ripoti ikapigwa picha, picha ikazunguka kwenye magrupu mpaka ikamfikia shemeji yake, na familia ya mume ilikuwa haijaambiwa. Alilia sana. Mpaka leo anakuja kwenye kikundi lakini ukitoa simu tu anageuza uso. Toka siku ile tuna fomu ya nusu ukurasa, ya Kiswahili, inauliza vitu vitatu tofauti: tukupige picha? tuiweke kwenye ripoti? tuandike ugonjwa wako? Na anaweza kusema ndiyo, ndiyo, hapana. Na akibadilisha mawazo wiki moja kabla hatujatoa kopi, picha inatoka, hata kama ndo ilikuwa nzuri kuliko zote.

Kuhesabu bila kujipendelea

Hapa ndo ripoti nyingi zinapotea njia. Shughuli sio matokeo. "Tulifanya semina 6, zilihudhuriwa na watu 300" ni shughuli. Tena hao 300 ukiwachunguza vizuri unakuta ni watu 70 waliokuja semina zaidi ya moja, Mama Fulani peke yake kahesabiwa mara tano maana anapenda soda. Kila anayekuja sahihi yake iwe kwenye karatasi, mwisho wa mwaka futa waliojirudia, kubali namba ishuke. Inauma, ila utalala vizuri.

Chukua mfano wa siku ya kupima mlango wa kizazi, maana vikundi vingi tunapenda kuifanya. Nesi anapaka siki, anasubiri dakika moja hivi, anaangalia kama kuna sehemu inageuka nyeupe. Akiona mabadiliko madogo anaweza kuyatibu kwa baridi kali au kwa joto, mara nyingi siku hiyo hiyo kama vifaa vipo, na yakiwa makubwa au yanatia shaka anaandika rufaa. Ripoti ya kawaida itasema "wanawake 80 walipimwa" na picha ya foleni. Ripoti yenye akili inaendelea: tuseme kati ya hao 80, 6 walikutwa na mabadiliko, 4 wakatibiwa palepale, 2 wakapewa rufaa, mmoja kafika hospitali, mmoja simu haipatikani. Yule mmoja ambaye simu haipatikani ndo kazi yenu ya Jumatatu. Sasa ukiishia kwenye 80 yule mtu anapotea kabisa, hayupo popote, na mmeshapiga picha na banda mmelikunja.

Sisi ukurasa wetu wa kwanza sa hivi una mistari mitano tu. Waliojiandikisha mwaka huu. Walioanza tiba. Waliomaliza. Walioacha, na wangapi kati yao tuliwarudisha. Waliofariki. Mtu yeyote akisoma hiyo mistari mitano ameshatujua.

Waliofariki

Msiwafiche. Najua inavyokuwa, mnakaa kuandika ripoti mnaogopa mfadhili ataona watu wanakufa atasema kazi yenu haina maana, basi mnaandika "wametoka kwenye programu". Wenzetu wametangulia, hawajatoka kwenye programu. Andikeni idadi. Kama familia imeridhia andikeni na jina la kwanza, kama haijaridhia namba inatosha, na siku ya kusoma ripoti simameni dakika moja.

Na hapa kuna kazi kubwa ambayo huwa haihesabiwi popote. Kuna mtu mlimsindikiza akapata tiba shufaa, ile ya kupunguza maumivu, akapewa mofini ya maji kwenye chupa, ndugu wakafundishwa kupima na kumpa kwa saa, wakaacha kuogopa kwamba "wanamlevya", akafariki nyumbani kwake amelala bila kupiga kelele. Ukishakaa usiku kucha na mtu ambaye hakupata hiyo dawa hutaniuliza kwanini naitaka kwenye ripoti. Weka mstari: wangapi walikuwa na maumivu makali, wangapi walipata dawa ya maumivu. Ni maendeleo hayo kama maendeleo mengine.

Hela

Mweka hazina wetu ni mwalimu mstaafu na ana boksi la viatu. Kila karatasi inaingia humo. Anasema boksi la viatu halijawahi kukataa risiti. Shida ni kwamba matumizi yetu makubwa hayana risiti, konda wa daladala hakupi risiti, wa bodaboda ndo usimuulize. Dawa yake ni fomu ya nauli: tarehe, namba ya mgonjwa, kutoka wapi kwenda wapi, shilingi ngapi, sahihi au dole gumba. Kama mnatuma kwa simu bora zaidi maana meseji ya muamala inabaki, ila laini ya kikundi iwe ya kikundi, isiwe simu ya katibu ambayo pia inapokea hela ya vikoba na michango ya harusi ya binamu. Tulishawahi kukaa saa tatu nzima tunatenganisha hela ya kikundi na hela ya send-ofu, sitaki kurudi huko.

Kwenye ripoti andika iliyoingia imetoka wapi (michango ya wanachama nayo ni hela, iandike ya kwanza) na iliyotoka imeenda wapi, kwa mafungu ambayo mtu wa kawaida anayaelewa: nauli, chakula, vipimo, sidiria na matiti ya bandia, mazishi, kopi na vocha, tisheti. Usizifiche tisheti ndani ya "uhamasishaji". Sisi kuna mwaka tulijikuta tisheti za Oktoba zimekula hela kuliko nauli ya mwaka mzima, na tusingejua kama mwalimu asingeziweka kwenye mstari wake. Sizipingi tisheti, mtu akivaa ile kitu anajisikia ana jeshi nyuma yake, lakini baada ya kuona ule mstari tuliamua tisheti ananunua mwanachama mwenyewe kwa hela yake na hela ya kikundi inabaki kwenye usafiri.

Mambo ya kisheria kwa kifupi: kama mmesajiliwa kwa Msajili wa NGOs, ripoti ya mwaka ni wajibu, sio hiari, na ada ya mwaka ipo. Kama ni kikundi cha jamii mlichosajili halmashauri, mtu wenu ni afisa maendeleo ya jamii, mpelekeeni nakala mkono kwa mkono na mgonge muhuri kwenye nakala yenu ya kubaki nayo. Huo muhuri utawasaidia siku mnaomba kitu.

Malengo sasa

Kabla ya malengo mapya, toa ya mwaka jana, yaweke mezani, soma moja moja kwa sauti. Limetimia, limetimia nusu, limefeli. Lililofeli linaandikwa kwenye ripoti pamoja na sababu. Sisi tuliandika mwaka mmoja "kuwafikia wanaume kuhusu tezi dume", mwisho wa mwaka walikuja wanaume wanne na wawili walikuwa wamewaleta wake zao. Tuliandika hivyo hivyo, na sababu tukaandika: tuliwaita Jumamosi saa nne asubuhi kwenye kikundi cha akina mama. Mwaka uliofuata tukawafuata wao kijiweni, kwenye kahawa jioni, mambo yakawa tofauti kabisa.

Lengo zuri lina vitu vinne: nani, nini, mpaka lini, kwa shilingi ngapi. "Kuongeza uelewa wa jamii" sio lengo, ni dua. Jaribu hivi: "Mgonjwa yeyote wa kikundi akikosa kliniki apigiwe simu ndani ya siku tatu, mhusika dada wa mawasiliano, vocha 10,000 kwa mwezi, tunakagua daftari kila Jumamosi ya mwisho." Hilo hata mtoto wa darasa la nne anaweza kuja kuangalia kama limefanyika. Na yasizidi manne. Kikundi cha watu 30 chenye malengo 15 hakina lengo.

Msijipe pia malengo ya watu wengine. Kununua mashine ya mionzi sio kazi yenu, kujenga hosteli ya ghorofa sio kazi yenu labda mna kiwanja na mjomba bilionea. Kazi yenu ni ile ambayo daktari hawezi kuifanya na serikali haiifikii, yani kumjua mtu kwa jina, kujua leo hajaja, na kujua pa kumfuata.

Malengo makubwa ya nchi na ya dunia yanafaa, ila yakate vipande vya saizi yenu. Mfano Shirika la Afya Duniani lina lengo la kutokomeza saratani ya mlango wa kizazi, wanaliita 90-70-90 mpaka 2030: asilimia 90 ya wasichana wawe wamechanjwa HPV (kirusi kinacholeta saratani hiyo) kufikia miaka 15, asilimia 70 ya wanawake wawe wamepimwa kufikia miaka 35 na tena kufikia 45, na asilimia 90 ya wanaokutwa na ugonjwa watibiwe. Tanzania chanjo ilianza kutolewa nchi nzima 2018 kwa wasichana wa miaka 14, 2024 ikawa dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 mpaka 14. Sasa nyie mtaa wenu mnafanyaje na hayo? Nendeni shule moja ya msingi, moja tu, ongeeni na mwalimu wa afya mjue siku ya chanjo, afu mwezi mmoja kabla muende kuongea na wazazi kwenye kikao cha shule, apelekwe mama aliyeugua mwenyewe, asimulie. Uvumi wa "hii chanjo inafunga kizazi" hauondoki kwa kipeperushi, unaondoka kwa mtu aliyesimama mbele yao anasema mimi ndo nilikuwa naumwa huu ugonjwa na mwanangu nimemchanja. Hesabu wazazi waliokuja, kisha muombe mwalimu idadi ya waliochanjwa. Hilo ni lengo.

Kalenda nayo iangalieni vizuri. Januari ni mwezi wa mlango wa kizazi, tarehe 4 Februari siku ya saratani duniani, Septemba ni ya watoto, Oktoba ya titi. Ukipanga kila kitu Oktoba utagombania ukumbi, nesi, mgeni rasmi na waandishi na kila mtu mjini. Sisi siku yetu ya kupima tumeihamishia mwezi wa saba, hakuna shughuli, manesi wana nafasi, hakuna mvua. Msiweke safari za mtaani Aprili, masika Dar mnaijua, Jangwani ikifungwa hata mwendokasi haupiti. Ramadhani inasogea kila mwaka kwahiyo angalia kwanza kabla hujaandika "semina na chakula cha mchana".

Na kama kikundi chenu kina lengo la utetezi, yani mnataka halmashauri itenge kitu au mbunge aseme kitu, basi jueni mwaka wa serikali unaanza tarehe 1 Julai na Bunge la bajeti linakaa kuanzia Aprili mpaka Juni. Ukipeleka barua Juni umeenda kusalimia. Halmashauri zinaanza kupanga mapema zaidi, kwahiyo barua yenu iende Desemba au Januari pamoja na ripoti, wino haujakauka. Ndo maana nawaambia hii ripoti sio ya mfadhili tu. Kuna mwaka tulienda ofisi moja na mabango na nyimbo, tukapokelewa vizuri sana, tukapewa chai, tukarudi nyumbani. Mwaka uliofuata tulienda watatu tu na karatasi moja yenye tarehe kutoka kwenye daftari, imeonyesha wagonjwa wetu wangapi walisubiri majibu ya kinyama zaidi ya wiki sita, hakuna kelele, hakuna kumlaumu mtu. Chai hatukupewa, tulipewa kiti na mtu akachukua kalamu akaanza kuandika.

Kurasa nne zinatosha

Ukurasa wa kwanza ile mistari mitano, waliofariki wakiwemo. Wa pili mlichofanya, na stori ya mtu mmoja aliyekubali, sio stori sita. Wa tatu hela. Wa nne malengo, ya zamani na mapya. Shukrani weka aya moja chini. Andika Kiswahili kwanza, kile mnachoongea kila siku, kama mfadhili anataka Kiingereza mtafsirie nakala yake peke yake. Ripoti ambayo wanachama wenyewe hawawezi kuisoma ni ya nani hiyo?

Na kabla haijatoka nje, isomwe kwenye kikao, kwa sauti, mstari kwa mstari, watu wamekaa na madaftari yao. Usiruke hii. Mwaka jana tuko uani kwa mwenyekiti, chini ya mwarobaini, mkeka umetandikwa, nasoma walioacha tiba na sababu zake, sijataja jina la mtu, nikafika kwenye mtu wa Kigamboni aliyeacha kemo baada ya dozi ya pili kwa sababu ya kutapika. Bi mkubwa mmoja kule nyuma akanyanyua mkono, kashika ndala zake.

"Katibu, huyo wa pantoni si ndo mimi?"

Nikanyamaza maana namba ni siri. Akasema mwenyewe, "Ndo mimi bwana. Mbona mmeandika nimeacha? Nimerudi Alhamisi, nimebadilishiwa dawa ya kutapika, kesho kutwa naenda ya tatu." Akatoa kadi ya kliniki kwenye kanga, imekunjwa mara nne, tarehe ipo. Watu wakapiga vigelegele. Mwalimu mstaafu akanipa peni nyekundu, nikakata mstari, nikatoa moja kwenye walioacha nikaongeza moja kwenye waliorudi, nikaweka sahihi pembeni, afu Jumatatu ndo tukaenda kutoa kopi Kariakoo.